Waraka Ni Nusu ya Kuonana

Wahenga walisema: Waraka ni nusu ya kuonana. Watoto wa shule hulikariri neno hili upesi, na hulisahau upesi vilevile. Mimi mwenyewe nimelifundisha darasani miaka kadhaa hapa Pangi, nikidhani kwamba ninalifahamu. Lakini mwaka jana mama mmoja mzee wa parokia yetu alinionyesha kwamba nilikuwa nikiyajua maneno tu, maana yake nilikuwa sijaijua bado.

Ilikuwa Jumapili, baada ya Misa. Aliniita barazani kwake, akaniambia: «Mwalimu, mwanangu, macho yangu yamechoka. Njoo unisomee.» Akaingia ndani, akatoka na sanduku dogo la bati. Chini kabisa, ndani ya kitambaa cheupe, mlikuwa na barua nne. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi, na penye mikunjo zilikuwa karibu kukatika.

Zilikuwa barua za yaya wake, yaani kaka yake mkubwa. Kijana huyo aliondoka Pangi mwaka 1956, akiwa na miaka 19. Alikwenda Kindu kwa miguu na kwa lori, akapata kazi ya matelo katika mashua za Lualaba. Toka huko aliufuata mto hata Leopoldville, akafika Matadi, na Matadi akaandikwa kazi katika meli ya mizigo na abiria iliyokwenda Ulaya. Mwaka 1957 barua yake ya kwanza ilifika nyumbani.

Nilianza kuisoma. Nusu ya ukurasa ilikuwa salamu tu: msalimu fulani, na fulani, na mke wa fulani, na mtoto wao. Nikamwuliza mama: «Hapa ni majina matupu. Niyaruke?» Akanijibu: «Usiruke hata moja. Hao wote wamekwisha kufa. Ukiwasoma, ninawasikia wakiitwa tena.»

Basi nikayasoma majina yote, moja moja.

NJIA YA BARUA

Mtoto wa leo aliyezoea simu hawezi kujua barua ile ilipita wapi kabla ya kufika Urega. Tuifuate kidogo.

Kijana aliiandika bandarini Antwerpen, katika nchi ya Ubelgiji. Ndege za Sabena zilikuwa zikisafiri kati ya Ubelgiji na Kongo tangu mwaka 1935, lakini mwenye mshahara mdogo alihesabu senti zake, naye aliituma barua yake kwa meli. Meli ilikaa baharini wiki mbili na zaidi, ikaingia katika kinywa cha mto Kongo, ikafunga gati Matadi. Hapo barua ilipanda gari la moshi, kilomita 366, hata Leopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Reli hiyo ilimalizika mwaka 1898, na watu wengi walikufa katika kuijenga.

Kutoka Leopoldville ilipanda meli ya mtoni, ikasafiri kilomita 1,700 na zaidi kuelekea Stanleyville, yaani Kisangani. Pale maporomoko yanazuia mashua. Kwa hiyo ilipanda tena gari la moshi, kilomita 125, mpaka Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Huko ikaingia mashua ya Lualaba, karibu kilomita 300, ikateremshwa Kindu. Mwisho ilichukuliwa kwa lori kuja huku kwetu, katika nchi ya mto Elila.

Fikiri, msomaji: meli, gari la moshi, meli, gari la moshi, mashua, lori. Mikono mingi namna gani iliishika karatasi ile, ili mama mmoja katika kijiji kimoja cha Pangi aambiwe kwamba mwanawe hajambo!

WATU WA KONGO BAHARINI

Kijana huyo hakuwa wa kwanza. Mwaka 1895 kampuni ya Wabelgiji ilianzisha safari za meli kati ya Antwerpen na Matadi, na meli yao ya kwanza iliitwa Léopoldville. Mwaka 1930 kampuni hiyo iliunganishwa na nyingine, ikaitwa Compagnie Maritime Belge. Meli zake zilibeba majina ya miji ya Kongo: Albertville, Elisabethville, Stanleyville, na mengine. Ndani ya meli hizo walifanya kazi vijana wengi wa Kongo. Wengi walikuwa watu wa Kongo ya Chini, kwa kuwa Matadi ni kwao. Mtu wa mashariki alikuwa mmoja mmoja. Walifanya kazi katika joto la injini, walisugua sitaha, walifua nguo, walipika na kuandalia meza. Nao walilipwa mshahara mdogo kuliko Wazungu waliokuwa pamoja nao melini.

Bahari haina kabila wala rangi katika kuua. Wakati wa vita kuu ya pili, meli nyingine iliyoitwa Léopoldville ilichukuliwa kwa kusafirisha askari. Siku ya tarehe 24 Desemba 1944, mkesha wa Noeli, ilikuwa ikivuka kutoka Southampton, Uingereza, kwenda Cherbourg, Ufaransa, nayo imebeba askari 2,235 wa Marekani. Jioni, ilipokuwa imekaribia kufika, nyambizi ya Wajerumani iliipiga kwa kombora. Ilizama baada ya saa mbili na zaidi. Askari zaidi ya 750 walikufa usiku ule. Nahodha Charles Limbor alikufa pamoja na meli yake, na miongoni mwa mabaharia waliopotea walikuwamo Wakongo watatu.

Liko jambo moja katika habari hiyo ambalo linahusu barua. Askari waliookoka waliamriwa wasimwambie mtu yeyote habari ya meli hiyo, na barua walizoandika nyumbani zilikaguliwa mpaka mwisho wa vita. Kwa hiyo walikuwako vijana waliokuwa wameona wenzao mamia wakizama, nao hawakuweza kuliandika jambo hilo kwa mama zao. Ndugu wa wafu nao walikaa miaka bila kujua wapendwa wao walikufaje. Mtu aliyepata kungoja habari ya mtoto wake ataelewa kwamba ukimya wa namna hiyo ni jeraha juu ya jeraha.

Lakini wale walinyamazishwa kwa amri ya vita. Je, sisi tunaponyamaza, ni nani aliyetuamuru?

BARUA TATU ZA HABARI NJEMA

Turudi barazani kwa mama yetu. Nilisoma barua ya kwanza, na ya pili, na ya tatu. Zote zilifanana. «Mimi sijambo kabisa. Kazi ni nzuri. Chakula ni kingi. Nimeona nyumba kubwa na taa nyingi.» Hapakuwa na baridi, wala uchovu, wala upweke. Mtu angesoma barua hizo angedhani kijana yule amekwenda karamuni.

Mama alicheka kidogo, akasema: «Unaona, Mwalimu? Ndiyo sababu baba alifikiri amekuwa tajiri.»

Mama huyu alisoma shule ya misioni alipokuwa msichana mdogo, naye ndiye aliyekuwa akiandika majibu, baba yake akisema na yeye akifuata kwa kalamu. Jibu la kwanza liliomba baiskeli. La pili liliomba cherehani. La tatu liliomba mabati ya nyumba. Kijana alituma fedha kidogo kwa kila mara, wala hakueleza kwamba hizo kidogo zilikuwa karibu zote alizo nazo.

Nani alikosa hapo? Baba hakuwa mtu mbaya. Aliomba kwa sababu aliambiwa kwamba mambo ni mazuri. Na kijana hakuwa mwongo wa kudhuru mtu. Alitaka tu mama yake apate usingizi. Hata hivyo, tazama matunda yake. Mwana alificha shida, wazazi wakaongeza maombi. Maombi yakaongeza shida, naye akazidi kuificha. Hivyo barua zilisafiri maelfu ya kilomita, na watu hao hawakuonana hata robo, sembuse nusu.

MJOMBA ALIYEJIBU

Hapa nitatoa mfano wa baharia mwingine, ambaye kwetu Kongo jina lake linajulikana kwa habari nyingine. Mwaka 1890 Mpolandi mmoja, Józef Konrad Korzeniowski, alipanda mto wetu katika meli iitwayo Roi des Belges hata maporomoko ya Stanley, yaani Kisangani. Baadaye aliandika vitabu kwa Kiingereza, akajulikana ulimwenguni kwa jina la Joseph Conrad. Lakini kabla ya vitabu alikuwa baharia, na kabla ya kuwa baharia alikuwa yatima. Wazazi wote wawili walikufa akiwa bado mtoto. Mwaka 1874, akiwa na miaka 16, alikwenda Marseille, Ufaransa, kutafuta kazi ya meli.

Nyuma yake alibaki mjomba wake, Tadeusz Bobrowski. Mjomba huyo alimwandikia mpwa wake kwa miaka mingi, mpaka alipokufa mwaka 1894. Hakumbembeleza. Alimkemea kwa kutapanya fedha, akaandika hata hesabu ya kila kitu alichotumiwa tangu utoto. Lakini alijibu. Kijana alipokuwa katika bandari za mbali, alijua kwamba yuko mtu mmoja duniani anayehesabu siku zake na kuuliza habari zake.

Barua za mjomba zimesalia mpaka leo, maana baharia alizitunza katika safari zake zote. Zile alizoandika yeye kwa mjomba ziliteketea mwaka 1917, wakati wa machafuko, katika nyumba ya familia iliyokuwa nchi ya Ukraina. Hivyo za yule aliyetangatanga baharini zilisalimika, na zile zilizotunzwa nyumbani zikapotea! Tusiseme basi kwamba nyumbani ndiko salama siku zote. Maneno tunayopeana hukaa mahali ambapo hatukupanga.

BARUA YA NNE

Sasa nilifungua barua ya nne, iliyofika mwishoni mwa mwaka 1963. Mama alikunja mikono yake, akatazama chini.

Barua hii haikufanana na zile tatu. Kijana aliandika kwamba bomba la mvuke lilimwunguza mkono katika chumba cha injini, akalala hospitalini wiki tatu katika mji ambako hakuna mtu aliyejua lugha yake. Aliandika kwamba hakuwa ameeleza kweli katika barua zake za kwanza, kwa kuwa aliona haya. Aliandika kwamba usiku, meli ikiwa katikati ya bahari, anausikia moyoni mto Elila. Hakutuma fedha. Aliomba radhi kwa hilo. Kisha aliuliza mambo matatu: Je, mama hajambo? Je, mpunga wa mwaka huu ni mzuri? Je, mdogo wangu bado anasoma?

«Huyo mdogo ni mimi,» mama alisema.

Siku ilipofika barua hiyo, mama yao alilia, kisha akasema: «Leo ndipo mwanangu ameandika.» Baba alikaa kimya muda mrefu. Pengine aliona haya kwa ajili ya baiskeli na cherehani na mabati. Mwisho alisema: «Tutamjibu baada ya mavuno, tuweze kumwambia habari ya mpunga.»

Mavuno yalipita, na baba akaugua. Kisha, Julai 1964, waasi wa Simba waliingia Kindu. Posta ilikatika, watu wakakimbilia msituni. Jeshi la serikali liliurudia mji mwezi wa Novemba mwaka uleule, lakini watu wa vijijini waliendelea kuteseka. Familia iliporudi nyumbani, sanduku la bati lilikuwako, kwa sababu msichana alikuwa amelibeba kichwani msituni. Barua nne zilikuwa salama. Lakini bahasha ya ile ya nne, ambayo nyuma yake kijana alikuwa ameandika anwani mpya, ilikuwa imepotea. Ndani ya barua aliandika mji na tarehe tu.

Barua ya tano haikuja kamwe. Mpaka leo haijulikani kama yaya yule alizikwa Ulaya, au alizama, au aliishi maisha marefu katika nchi ngeni akiamini kwamba watu wake wamemkataa baada ya kuwaambia kweli.

Nilitaka kumfariji mama. Nikasema: «Mama, ilikuwa vita. Na yeye naye alinyamaza.» Akatikisa kichwa. «Hapana, Mwalimu. Yeye aliuliza mambo matatu. Sisi ndio tuliokaa kimya. Kabla ya vita palikuwa na miezi sita. Kalamu nilikuwa nayo, karatasi nilikuwa nayo, kuandika nilijua. Nilingoja baba aseme.»

Sikupata neno la kumjibu.

SIKU HIZI ZETU

Labda msomaji atasema: hayo ni mambo ya kale, leo iko simu. Ni kweli, na tumshukuru Mungu kwa hiyo. Lakini kazi ya baharia bado ni kazi ya kutengwa. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, bandari nyingi zilifungwa, na Shirika la Bahari la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mabaharia wapatao 400,000 walibaki melini, muda wao wa kazi umekwisha, wasiweze kurudi kwao.

Kanisa limelijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1920, mjini Glasgow, Uskoti, waamini wachache walianzisha Utume wa Bahari, na Papa Pius XI akaukubali mwaka 1922. Leo unaitwa Stella Maris, yaani Nyota ya Bahari, mojawapo ya majina ya Mama Maria. Mapadre na walei wake huingia melini bandarini, huwasalimu mabaharia wa kila taifa na kila dini, na mara nyingi msaada wa kwanza wanaoombwa ni huu: nisaidieni nipate kuongea na nyumbani.

Sheria nayo imeligusa. Mkataba wa Kazi za Baharini, uliopitishwa Geneva mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2013, unampa baharia haki ya kurudishwa kwao na haki ya kupeleka mshahara wake, wote au sehemu, kwa familia yake kwa wakati maalumu. Marekebisho yaliyoanza kutumika Desemba 2024 yanawataka wenye meli kuwapatia mabaharia intaneti kwa kadiri inavyowezekana, na kwa bei ya haki. Maana yake, mataifa yamekubali kwamba kuwasiliana na watu wa nyumbani ni haja ya mtu, kama chakula na usingizi.

Lakini sheria huweza kuleta waya na mnara. Neno la kweli haiwezi kulileta. Ni wangapi kati yetu wana ndugu Kinshasa, Lubumbashi, Dar es Salaam au Ulaya, na kila tunapompigia simu tunaanza na shida zetu? Na yeye, anapotuma picha, huchagua ile aliyovaa koti zuri mbele ya gari lisilo lake. Tumebadili vyombo, mchezo ni uleule wa baiskeli na cherehani.

TUFANYE NINI?

Wanafunzi wangu niliwapa mashauri haya, nami nayaandika hapa kwa faida ya wote.

Wewe uliye mbali, andika kweli. Si lazima kuwatisha wazazi kwa kila homa ndogo. Lakini wakijua kweli watakuombea kwa kweli, na watakuomba kwa kiasi.

Wewe uliye nyumbani, uliza kwanza habari za mtu, ndipo uulize habari za fedha. Na kila analokuuliza, lijibu. Akikuuliza habari za mpunga, mwambie habari za mpunga. Ndicho kipande cha nyumbani anachokitaka.

Taja watu kwa majina. Tena anwani au namba ya simu usiiandike juu ya bahasha peke yake, wala usiiache katika simu moja tu. Iandike ndani ya barua, na tena katika daftari la nyumbani. Simu huanguka mtoni, bahasha hupotea.

Na ninyi watoto mnaojua kusoma katika nyumba ya wazee wasiojua: msingoje mpaka mwambiwe. Kalamu mliyopewa shuleni si ya mtihani tu.

Mwezi wa Novemba uliofuata, tulipowaombea marehemu, mama yule alitoa nia ya Misa. Mhudumu alipouliza aandike jina chini ya wazima au chini ya marehemu, mama alisema: «Andika jina tu. Mungu anajua mahali pa kuliweka.»

Sanduku la bati liko kwake bado, na barua ya nne iko juu ya zile tatu. Basi, ndugu msomaji, kama nyumbani kwako iko barua inayongoja jibu, au simu ya mtu aliyekuuliza hali ukakaa kimya, mjibu leo. Usingoje mavuno.